Mwaka Niliomsemea Makaa

Habari ya kifo cha Safari ilinikuta sebuleni kwangu Kilifi, nikigombana na binti yangu juu ya filamu. Alikuwa amelala kifudifudi mkekani, simu ameiegemeza kwenye jagi la maji, akiangalia filamu mpya ya Bwana Moshi, ile waliyoitengeneza upya kwa pesa nyingi na mwanga kidogo, hata hujui nani anampiga nani. Mimi nilikuwa nikimwambia, kama nimwambiavyo kila mara, kwamba kitabuni haikuwa hivyo. "Mama na kitabu chake," akasema bila kugeuka. Simu yangu ikalia. Alikuwa mpwa wake Safari, akipiga kutoka Vitengeni, kunijulisha kwamba mjomba ameaga alfajiri na kwamba atazikwa huko huko nyumbani. Nikatoa pole, nikauliza yanayoulizwa, nikaweka simu chini. Nilikaa pale mpaka filamu ikaisha. Binti yangu ndiye aliyeniambia baadaye kwamba midomo yangu ilikuwa ikienda muda wote. Nilikuwa nikiwasemea wale watu wa kwenye kioo kwa Kiswahili, bila sauti, na sikujijua.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule uliofuata mtihani wangu wa kidato cha nne. Desturi ya wanaoandika maisha yao ni kuanza na babu mzaa babu. Mimi wangu nawaruka wote, wanisamehe huko waliko. Inatosha mjue kwamba nilikaa kwa Shangazi Dama, Malindi, katika vyumba viwili vya mtaa wa Maweni, nikingojea matokeo, kisha nikingojea chuo. Shangazi alifanya usafi katika nyumba ya Mtaliano mmoja upande wa baharini, nyumba ya kukodishwa wageni, na wageni wakiondoka huacha vitu. Shangazi hakuwa mwizi hata wa kijiti cha kiberiti, lakini kilichotupwa na mwenyewe alikihesabu kuwa riziki. Basi chumba chetu cha mbele kilikuwa kama duka la mtu aliyerukwa na akili: chupa za mafuta ya jua zilizobaki robo, kandambili za mguu mmoja, kofia za majani, pakiti za tambi za Kitaliano ndefu kama fimbo. Tambi hizo Shangazi alizivunjavunja, akazikaanga, akazipika kwa tui, sukari na iliki, kama zipikwavyo tambi zote za pwani. Siku moja mgeni mmoja mwanamke alionjeshwa, akashika kichwa kwa mikono miwili kama aliyefiwa, kisha akaomba sahani ya pili.

Humo ndimo vilimotoka vitabu vyangu vya katuni. Vilikuwa vya Kitaliano vyote, vimeloa chumvi, vingine vina mchanga kati ya kurasa, na nilivihifadhi chini ya kitanda ndani ya mfuko wa unga ili unyevu usivile. Nilivisoma kwa kamusi niliyoazima na kwa Kitaliano cha jikoni cha Shangazi, ambaye alijua kusema "shuka safi", "usikanyage hapa" na "mume wangu ni mkali", ingawa hakuwa na mume. Mnayemjua Bwana Moshi kwa filamu peke yake, hebu niwape habari zake za asili. Walikuwa ndugu wawili, wafanyakazi katika kiwanda cha viberiti, na kiwanda kikaungua na wao ndani. Mkubwa akatoka amegeuka moshi: anapita kwenye tundu la ufunguo, hakamatiki, hapigiki. Mdogo akatoka amegeuka kaa la moto lisilozimika, na wakamwita Makaa. Kila anachokishika kinaungua. Hakuwa mwovu tangu mwanzo, na hilo ndilo filamu zote zimelisahau. Alikuwa mtu ambaye mama yake mwenyewe hawezi kumshika mkono, na uovu ukamjia polepole, kwa upweke.

Katika kitabu cha mwisho nilichokuwa nacho, Makaa amechoka. Amekaa kwenye sakafu ya jiko la nyumba ya mama yao, vigae vinapasuka chini yake kwa joto, na anamwambia kaka yake maneno machache tu: "Ndugu yangu, nipe maji." Maji kwake ni mauti, na wote wawili wanajua. Kisha unafuata ukurasa mzima usio na neno hata moja, Bwana Moshi akienda kutafuta kikombe. Anafungua kabati. Anachagua. Anarudisha kikombe chenye ufa, anachukua kingine. Nilikuwa nikifika ukurasa ule najifunika shuka mpaka kichwani ili Shangazi asinione ninavyolia kwa ajili ya watu waliochorwa.

Mshabiki ni mtu mwenye kinyongo, na mimi sijifichi. Filamu za mashujaa nimeziona nyingi tangu wakati ule, na malalamiko yangu ni yale yale. Kitabu kina nafasi ya shujaa kufua nguo zake, kudaiwa kodi ya nyumba, kukosa usingizi. Filamu ina nafasi ya ngumi. Halafu kuna ule upenyo mweupe kati ya picha na picha. Hapo Bwana Moshi yuko mlangoni, hapo yuko dirishani, na katikati hakuna kitu, ni mimi mwenyewe ninayemvusha, kwa mwendo ninaoutaka. Filamu haina upenyo, inakukokota mkono kama mama aliyechelewa ibada. Nitasema haki pia, nisije nikaonekana mbaguzi: mara ya kwanza nilipouona ule moshi ukipita chini ya mlango kwenye kioo, ukijikusanya taratibu mpaka ukawa bega, shingo, uso, nilipiga ukelele. Kitabu hakikuwahi kunifanyia hivyo.

Kioo chenyewe kilikuwa cha Mama Shiro. Alikuwa mama wa bara aliyehamia Malindi zamani na kufungua kibanda cha video karibu na soko, mabati juu, mbao pembeni, mablanketi meusi madirishani, mabenchi yaliyong'arishwa na suruali za watu. Kwa vijana wa siku hizi ambao kila kitu wanakiona simuni, ni lazima nieleze. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, na waliokuja kuziona walikuwa wachukuzi wa soko, madereva wa tuktuk, mafundi, watu ambao hawakuwa na haja ya Kiingereza. Basi kando ya runinga kulikuwa na kiti, na kwenye kiti mtu mwenye maiki, aliyepunguza sauti ya filamu na kuwasemea wote waliomo: shujaa, adui, polisi, mbwa. Mtu huyo alikuwa Safari. Watu hawakusema wanakwenda kuona filamu. Walisema wanakwenda kwa Safari. Alikuwa mwembamba, wa makamo, shati lake limefungwa vifungo mpaka kooni, na ndani ya shati hilo mlikuwa na watu mia. Wafukuzanao katika jiji la ng'ambo kwake walipita sokoni, wakapinda msikitini, wakaponea chupuchupu kugonga mkokoteni wa maji. Wanawake wa filamu aliwasemea kwa sauti nyembamba ya kubana pua, na kibanda kizima kilicheka kila mwanamke alipofungua mdomo, hata akiwa anakufa.

Mimi nilikubaliwa kuingia mchana, benchi la nyuma karibu na mlango, kwa sababu Mama Shiro na Shangazi waliimba kwaya moja. Filamu ikiisha, watu wakitoka, nilimwendea Safari na mashtaka yangu. Kaka Safari, yule hakusema vile. Kaka Safari, kitabuni yule mwanamke ndiye aliyevunja mlango, wewe umemfanya analia. Yeye alikuwa akikunjakunja waya wa maiki, ananisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu. "Kadzo," alikuwa akisema, "mwenye kitabu yuko kwao, amelala. Mimi watu wangu hawa wako macho." Nilikuwa nikirudi nyumbani nimefura.

Sauti yake ilianza kukwaruza wakati wa mvua za masika. Akatafuna tangawizi, akanywa asali na ndimu, akajifunga skafu mahali ambapo hata paka hutafuta kivuli. Kisha mchana mmoja, shujaa yuko juu ya paa anatoa hotuba, sauti ikakatika. Safari akafungua mdomo tena, pakatoka pumzi tu. Watu walidhani ni mbwembwe, wakapiga makofi. Mimi niliona mkono wake umeshika koo na nikajua si mbwembwe. Hospitali ya Kilifi wakamwona, wakamtoa vijinyama vilivyoota kwenye nyuzi za sauti, na daktari akampa amri moja: asiseme. Hata kunong'ona asinong'one, mpaka siku ya kurudi kliniki, na hiyo ilikuwa wiki kadhaa mbele. Akivunja amri, sauti inaweza isirudi kamwe. Akiitii pia, daktari alisema, hawezi kumwahidi kitu.

Yaliyofuata niliyasikia nikiwa uani naosha sufuria, Mama Shiro na Shangazi wakiwa ndani wanakunywa chai kwa mahamri. "Dama, hii maneno ya Safari imenisumbua," Mama Shiro alisema. "Hiyo kiti haiwezi kaa bila mtu. Kuna kijana wa Mtwapa anaitaka, lakini anasema akikuja ni kukuja kabisa. Hataki kushikia mtu."

"Na Safari akipona?"

"Akipona, nitamwambia nini? Watu wakizoea mwingine wamezoea."

"Safari hana pengine pa kwenda, Mama Shiro. Kwao Vitengeni mvua huitazama kwa mbali, kama harusi ya matajiri."

"Najua. Ndiyo sababu nimekuja kwako kunywa chai, si kwangu." Mimi nikasimama na masizi mpaka viwikoni. Safari bila kiti kile alikuwa nani? Nilimwonea huruma, na pia, mbona nisiseme, nilijionea huruma mwenyewe. Nilikuwa msichana wa kungojea tu mwaka ule mzima, na mabishano yetu baada ya filamu ndiyo yaliyokuwa yakinifanya nijione mtu.

Hakuna aliyeniteua. Nilikausha mikono, nikaingia ndani, nikasema mimi nitakishikilia kiti. Shangazi alicheka kwanza, kisha akaona uso wangu. Mzozo ulichukua chajio chote, sima na papa wa kukaanga vikipoa mbele yetu. Mtoto wa kike kushika maiki mbele ya wanaume wa soko! Watasema nini kanisani? Mama Shiro akasema kanisani watasema na wataingia pia kuona. Mwishowe Shangazi akakubali kwa masharti yake: filamu za mchana peke yake, na yeye mwenyewe, siku zake za kupumzika, atakaa benchi la mbele kabisa. Na kweli alikaa, na ungo wa mbaazi mapajani, akimenya, akiwageukia wanaume waliosema neno chafu na kuwatazama mpaka wanajikohoza. Safari alikubali kwa kutikisa kichwa. Akachukua nafasi yangu ya nyuma karibu na mlango, na kizibo cha soda mkononi, cha kugongea benchi. Kugonga mara moja: polepole. Kugonga mfululizo: nyamaza, acha picha iseme.

Siku ya kwanza aligonga mpaka kizibo kikapinda. Nilipewa filamu ya mashujaa watano wa baharini, ambao vitabu vyao pia nilikuwa navyo, na mimi nikaona nafasi yangu imefika ya kuweka mambo sawa. Kila filamu ilipokengeuka niliisahihisha. Niliwaambia kwamba huyu kitabuni ana ndevu. Kwamba vita hivi havikupiganwa hapa, vilipiganwa kisiwani, na sababu yake ilikuwa nyingine. Kwamba huyu aliyekufa sasa hivi wasimlilie, kwa maana kitabuni bado yu hai. Nilikuwa nimesema kwa juhudi hivyo kwa muda, nikasikia benchi likisogea. Aliyesimama ni Bwana Omari, dereva wa tuktuk, Mswahili wa mjini hasa, mtu ambaye hata akikutukana unaona umeheshimiwa.

"Binti yangu," alisema, "wallahi kusoma umesoma, na Mungu akuzidishie. Lakini sisi twaja hapa tumechoka. Twataka kuona picha hii iliyo mbele yetu. Wewe watwambia ya picha isiyokuwapo. Sasa sisi tutazame wapi?"

Akatoka, na wengine wakamfuata, kwa heshima, wakisema kwaheri mama kwa Shangazi. Wachache waliobaki nadhani walikuwa wamelala. Mama Shiro alisimama mlangoni, akatazama kiti. Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani, na Shangazi akanibebea mkoba.

Safari alinifundisha bila neno. Alikuja mapema kabla kibanda hakijafunguliwa, akaweka filamu, akazima sauti kabisa. Nikitazama kioo, alinishika mabega akanigeuza niyatazame mabenchi matupu. Nikageuka tena kwenye kioo, akanigeuza tena. Sikuelewa mpaka watu walipoingia. Kiti chake hakikuwa kimeelekea runinga. Kilikuwa kimekaa upande, na siku zote nilidhani hatazami kioo kwa sababu filamu anazijua kwa moyo. Kumbe alikuwa akiwatazama watu. Mwanga wa runinga uliwaangukia usoni, na pale niliona kila kitu: nani ameanza kupotea, nani anamwogopea shujaa, nani amekumbuka mambo yake ya nyumbani. Niliacha kusahihisha, nikaanza kuwasemea. Wanawake wa filamu niliwasemea kwa sauti yangu mwenyewe, kwa kuwa nyingine sikuwa nayo, na siku za mwanzo watu walicheka kwa mazoea, kisha wakaona hakuna cha kuchekwa. Bwana Omari alirudi, akakaa karibu na Shangazi, akawa anamsaidia kumenya mbaazi. Kijana wa Mtwapa akaambiwa angoje.

Ndipo ikaja filamu ya Bwana Moshi, ile ya kwanza. Mama Shiro alibandika tangazo lake mlangoni, na mchana ule watu walikaa mpaka sakafuni. Nilikuwa sijaiona. Safari naye alikuwa hajaiona. Nilikwenda nayo vizuri. Nilipiga ule ukelele niliousema, na watu wakapiga wao pia. Lakini kadiri filamu ilivyoendelea nilizidi kuudhika, kwa sababu Makaa wa filamu alikuwa ni mwovu tu. Hakuwa na mama. Hakuwa na upweke. Alichoma miji kwa kuwa alipenda kuchoma miji, na kila alipotokea watu kibandani walimzomea, na mimi ndiye niliyekuwa namsemea. Nilijua mwisho unakuja na kwamba hautakuwa na jiko wala kikombe. Ulipokuja, ulikuwa tangi la maji. Tangi kubwa juu ya paa la kiwanda, na Makaa chini yake amepiga magoti, na Bwana Moshi juu, mkono kwenye koki. Kwa Kiingereza Makaa alikuwa akitukana. Nilielewa kila tusi. Watu walikwisha kusimama kushangilia.

Sikupanga, naapa. Niliwatazama nyuso zao, nikamtazama yule mtu aliyepiga magoti, anawaka, mdomo unafunguka na kufumba, nikasema kwenye maiki, polepole: "Ndugu yangu. Nimechoka kuwaka. Nipe maji."

Makofi yakakatika. Nilisubiri kizibo cha Safari kigonge, hakikugonga. Kwenye kioo Bwana Moshi alikuwa ameganda na mkono wake kwenye koki, kwa sababu watengenezaji walitaka tuone misuli yake, lakini sasa ilikuwa sababu nyingine kabisa: alikuwa hawezi. Picha ni ile ile, hawakubadilisha hata uzi. Niliona mkono wa Shangazi umesimama juu ya ungo. Kisha Bwana Omari, mtu mzima mwenye wajukuu, akanyanyuka na kusema kwa sauti iliyopasuka, "Mpe, bwana! Ni nduguyo! Mpe maji!" Na kibanda kizima kikaanza kumsihi. Wachukuzi wa soko, mafundi, watu waliokuwa wakimzomea dakika chache nyuma, mpe, mpe, na maji yakamwagika, na mimi sikuweza kusema tena. Filamu ikaisha bila msemaji.

Niliposhusha maiki na kutazama nyuma, Safari alikuwa ameondoka. Kwa siku nyingi hakuonekana. Watu walikuja kuitaka ile filamu tena na tena, Mama Shiro aliongeza mabenchi, na mimi nilifanya kazi ile nikiwa na hofu. Nilidhani nimemkosea. Kiti kilikuwa chake, na mimi niliyekishikilia nilikuwa nimewafanya watu wazoee, neno lile lile la Mama Shiro. Nikawaza pia kwamba labda koo limeshindikana, na amekwenda kujificha Vitengeni.

Nikatize hapa kidogo, kwa sababu binti yangu aliniuliza jana kama kweli kitabuni iliishia hivyo. Nikamwambia ukweli, ambao mimi mwenyewe niliujua nikiwa mtu mzima mwenye mshahara, nilipovipata vitabu vyote kwa mpangilio wake. Vile vya chini ya kitanda nilivisoma kama wageni walivyoviacha, cha kumi kabla ya cha pili, na nikajitungia mimi kwamba kile cha jikoni ni cha mwisho. Si cha mwisho. Kiko katikati. Katika kitabu kinachofuata kaa moja limebaki chini ya majivu, Makaa anarudi, na safari hii ana hasira kweli kweli. Kwa hiyo nilichokuwa nikikitetea kwa miaka kama asili kilikuwa kazi ya watalii wasahaulifu na msichana asiyekuwa na shughuli. Niliumia niliposoma. Kisha nikacheka peke yangu, na nikakirudisha kile kitabu cha jikoni mwisho wa rafu, mahali pake.

Siku ya kliniki Shangazi aliniamuru niende. "Yule hana mtu wa kumsemea," alisema, "na wewe ndiyo kazi yako siku hizi." Nilimkuta Safari kwenye benchi la hospitali, Kilifi, shati limefungwa mpaka kooni, amekonda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa kichwa, akasogea nikae. Hakunitazama. Tuliitwa. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye haraka ya upole. Alimwangalia koo kwa kioo na taa, akaandika, akaangalia tena, akavua glavu.

"Pamepona vizuri kwa macho," alisema. "Sasa tusikie. Mzee, sema neno. Lolote, usilazimishe."

Safari hakusema. Aliweka mikono magotini na kutazama mbele, na niliona jasho likimtoka kwenye paji la uso, maana muda wote ambao hajasema sauti ilikuwa bado ipo, na akifungua mdomo ndipo angejua. Mtu ambaye alikuwa amewasemea watu mia. Daktari akangoja. Nilimwomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpangilio, nikamwambia sikitaki kile kiti, akichukue, mradi ampe huyu mtu chake.

Safari akageuza kichwa, akanitazama mimi.

"Yule ndugu," alisema, "hakuomba maji."

Ilikuwa sauti nzito, yenye mchanga ndani yake, imeshuka chini kabisa kuliko ile ya zamani, na nilijua hapo hapo kwamba haitabana pua tena kumwigiza mwanamke yeyote. Lakini ilikuwa sauti. Daktari alitutazama mmoja mmoja, kalamu hewani.

"Kitabuni aliomba, Kaka Safari," nikasema, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Hatukuwa kitabuni. Alikuwa anatukana. Nilimwona mdomo." Akatulia, akameza mate, akagusa koo lake taratibu kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. "Lakini ile ya maji usiitoe. Nikirudi, mimi nitasema mengine yote. Tukifika pale, nitakupa maiki."